MREJESHO: Mashine za babu za kamba za katani

Wakuu, narudi. Niliuliza kama tuuze mashine za babu za kusokota kamba za katani hapa Tanga, maana kamba za nailoni zimetumaliza. Hatujauza. Mdau mmoja alisema niwaone mafundi wa jipsamu. Nikadhani utani, kumbe wao huchanganya singa (nyuzi) za katani kwenye jipsamu ili mikanda ya dari isipasuke. Sasa tunachambua singa, tunafunga mafungu, wanafuata wenyewe. Wengi wanalipa taslimu, wawili bado wananizungusha. Mashine moja tumeiacha iendelee kusokota kamba za mifugo. Mzee alinuna wiki nzima ("Sisi wasokotaji bwana!"), ila juzi nimemkuta anawaelekeza vijana namna ya kuchambua.