Hawaii, Kisiwa Kikubwa: Benedikto wa Honaunau au Nyota ya Bahari ya Kalapana?

Mmachame_Seattle: Wakuu, habari za Jumapili. Mimi na mama watoto tunaenda Hawaii, tutatua Kona. Yeye ni mtu wa jumuiya, habari za kulala ufukweni tu hazimwingii. Kuna makanisa mawili ya zamani yaliyochorwa ndani: Mtakatifu Benedikto kule Honaunau, na Maria Nyota ya Bahari, Kalapana. Gari tutakuwa nalo siku moja. Twende lipi?

Katekista Mstaafu: Benedikto, wala usijiulize mara mbili. Kwa nje utalidharau, kanisa dogo la mbao, jeupe, bati juu. Sasa ingia. Padre John Velghe, Mbelgiji, alifika 1899 akachora mpaka 1904, afya ilipomrudisha kwao. Rangi zenyewe ni zile za kupakia nyumba! Nguzo za mbao kazipaka zikawa kama marumaru, na juu zinachanua makuti yanayotambaa mpaka darini. Ukuta wa nyuma ya altare kauchora kwa kuiga kanisa kuu la Burgos, Hispania. Ukisimama mlangoni utaapa kwamba kanisa bado linaendelea kwa ndani. Pembeni yuko Kaini na Abeli, Yesu akijaribiwa na Shetani, mkono unaoandika ukutani kwenye karamu ya Belshaza, na jehanamu, tena ya kutisha kweli. Padre alizifundishia dini picha hizo, na kwenye nguzo kuna maneno ya Kihawaii.

bahari_nyali: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo unampendelea Velghe. Nyota ya Bahari nayo ina mkasa wake. Volkano ya Kilauea ilianza kulipuka 1983, na 1990 lava ikaifikia Kalapana. Watu wakalinyanyua kanisa zima, wakalipakia kwenye trela, wakaliondoa. Kijiji kikafukiwa. Michoro ya mwanzo ni ya Padre Evarist Gielen, Mbelgiji mwingine. Na kuna kioo cha rangi cha Mtakatifu Damian, ambaye alianzia utume wake hukohuko Puna, wilaya ilipo Kalapana, 1864, kabla ya kwenda kwa wagonjwa wa ukoma kisiwa cha Molokai mwaka 1873.

Katekista Mstaafu: Marahaba. Mkasa nakubali. Ila siku hizi ni mahali pa kutembelewa, misa ya kila Jumapili hakuna. Shemeji akitaka kusali na wenyeji, Benedikto ni parokia hai.

Nesi wa Sacramento: Mnabishana michoro, ramani hamjaiangalia. Kutoka Kona, Honaunau ni chini ya saa moja kuelekea kusini, na karibu na hapo kuna Puʻuhonua, mahali walipokimbilia wavunja miiko zamani kuokoa roho zao. Kalapana iko upande wa pili wa kisiwa: mnakata katikati ya milima ya Mauna Kea na Mauna Loa, mnashuka mji wa Hilo, ndiyo muitafute Pahoa, mji wa njiani kwenda Kalapana. Kwenda na kurudi, siku imeisha. Mkibaki Kona, pitieni pia Mtakatifu Mikaeli, Kailua-Kona, pana groto ya Bikira Maria iliyojengwa kwa matumbawe.

Mmachame_Seattle: Shemeji yenu kasoma yote, anataka yote mawili. Tutatua Kona, tuondokee Hilo.

Nesi wa Sacramento: Hapo sawa. Ila kabla hujalipia, uliza ada ya kurudishia gari kiwanja kingine cha ndege. Huwa inauma.