Naomba ushauri: nimkatie mama tiketi ya daraja la kwanza?

Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 71, anakuja kunitembelea London mwezi wa nane. Goti la kulia limechoka. Akikaa saa mbili tu mguu unavimba, kiatu hakiingii. Na Dar hadi Dubai ni zaidi ya saa tano, halafu Dubai hadi huku saa saba na ushee.

Nimeangalia Emirates, daraja la kwanza ni karibu mara tano ya lile la kawaida. Ndege zao za A380 zina hadi bafu la kuogea huko mbele, maji ya dakika tano. Nilipomwambia mama akacheka: "Nikaoge angani, kwani nyumbani maji yamekatika?"

Bafu silitaki. Nataka kiti kinacholala kikawa kitanda, na kwenye A380 hicho kipo hata daraja la biashara. Hela ninayo, ila ndiyo hiyo hiyo ya kupaulia nyumba Kibaha.

Waliowahi kupanda yote mawili, la kwanza na la biashara, tofauti mliiona kweli? Au nimkatie biashara kipande cha Dubai–London tu, cha Dar–Dubai avumilie daraja la kawaida, kwenye kiti cha ushorobani?