Vortex inagoma kuweka modi za Skyrim baada ya kuhamishia gemu kwenye eksteno, msaada wadau

MtuWaMwanga (Kigoma):
Habari zenu wadau, naombeni msaada hii kitu inaniumiza kichwa. Nina Skyrim Special Edition kwenye laptop, diski C ikajaa nikahamishia gemu kwenye eksteno, yaani diski ya nje, kupitia Steam, gemu lenyewe linafunguka freshi tu ila modi, zile nyongeza za gemu, haiingii hata moja. Nikifungua Vortex, ile programu ya kusimamia modi, inaleta ujumbe kwamba hakuna njia ya kudeploi, yaani kuziingiza modi kwenye gemu, ukibonyeza maelezo ndo yanakuja ya hadilinki sijui simlinki, mara diski tofauti, na kwenye listi modi zote naziona zimewashwa kijani kabisa! Kuna jamaa kaniambia nifute zote nidanlodi upya, sasa ndugu zangu zile teksta (picha za muonekano wa gemu) peke yake ni magibii na huku natumia bando la simu, sitaki kufika huko. Huo ujumbe unamaanisha nini?

Isevya_Tech (Tabora):
Usifute kitu kaka, modi zako zipo salama. Vortex haiweki modi moja kwa moja ndani ya gemu, inazitunza kwenye folda yake pembeni, kama hujawahi kuibadilisha ipo C kule AppData, halafu ukideploi ndo inatengeneza hadilinki, yaani faili ni lile lile moja ila linaonekana sehemu mbili, kwenye folda ya Vortex na kwenye Data ya Skyrim, ndo maana halili nafasi mara mbili. Sasa hadilinki haivuki diski. Gemu limehama, modi zimebaki C, basi. Huo ujumbe wameuandika vibaya sana kwa kweli, mtu wa kawaida atauelewaje.
Nenda Settings, tabu ya Mods, pale Mod Staging Folder (ndo hiyo folda ya kutunzia modi) weka folda iliyopo kwenye eksteno lakini isiwe ndani ya folda ya gemu, bonyeza Apply uache ihamishe yenyewe. Hakikisha umeme upo na usichomoe waya.

MtuWaMwanga:
Asante mkuu, nimefanya hivyo, faili zimehama zote ila bado inagoma, sasa hivi inasema diski haikubali hadilinki.

DadaKasulu:
Kaka angalia hiyo eksteno imefomatiwa nini, raiti kliki kwenye diski, Properties, soma pale File system, yaani mfumo wa diski kupanga faili. Kama ni exFAT ndo penyewe hapo, exFAT na FAT32 hazina kabisa hadilinki, lazima iwe NTFS. Eksteno nyingi na flashi zinatoka dukani hivyo ili zisome kwenye kila kitu mpaka kwenye TV.
Na usihangaike na ile komandi ya convert, inabadilisha FAT na FAT32 tu, exFAT haiigusi. Tafuta pa kuweka gemu na modi kwanza, hata kwenye diski ya rafiki, hakikisha zimefika zote, ndo ufomati NTFS urudishe. Kufomati kunafuta kila kitu, na kama kuna picha za familia humo zitoe pia.

MtuWaMwanga:
Dada ubarikiwe sana, ilikuwa exFAT kweli. Nimeazima diski kwa jirani, nimefomati, imedeploi bila shida na bando sijagusa. Ila sasa kuna onyo jipya la plagini kukosa masta, na gemu linajizima kabla ya menyu.

Isevya_Tech:
Hiyo ni habari nyingine, diski haihusiki. Plagini, yaani faili la modi la .esp, inategemea faili la modi nyingine (ndo masta) ambalo halipo au limezimwa. Bonyeza hilo onyo, linataja jina la faili linalokosekana. Angalia kwanza kwenye tabu ya Plugins kama lipo limezimwa, uliwashe. Kama halipo kabisa, fungua ukurasa wa modi pale Nexus, tovuti ya kudanlodi modi, sehemu ya Requirements, danlodi hiyo moja tu. Na kama kwa sasa huna bando, zima plagini inayolalamika, nyingine zisizoitegemea zitacheza kama kawaida. Tuwekee hapa jina la faili tukuangalizie.