Naomba ushauri: nifanyeje ili nidumu na mchezo wa kuchapa kila siku?

Karani wa Kiusa
Ndugu zangu, ninafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Moshi, na tangu nilipoajiriwa nachapa kwa vidole viwili, macho yakiwa kwenye kibodi. Mteja akileta mkataba wa pango wa kurasa nne husimama pembeni akitazama saa, nami naona haya. Mwezi uliopita nilianza mchezo ambao maneno hushuka kutoka juu ya kioo, nawe unatakiwa kuyachapa kabla hayajafika chini. Nilijipangia dakika kumi kila siku, nikadumu siku nne. Ya tano nilicheza usiku kwa muda wa karibu saa mbili hadi viganja vikauma, kisha sikuugusa wiki nzima. Nifanyeje niuzoee kama kupiga mswaki?

Mhazili Mstaafu
Mdogo wangu, dakika zako kumi hazina mahali pa kukaa. Zifunge na jambo usilolikosa: ukishafungua duka na kuwasha kompyuta, kabla hujawasha mashine ya kopi, cheza dakika tano, kisha ufunge mchezo hata kama mkono umeshanoga. Zile saa mbili ndizo zilizokuvunja, maana kesho yake mwili ulikumbuka maumivu tu. Halafu, kabla ya kuanza, papasa kwa vidole vya shahada vile vinundu vidogo kwenye herufi F na J, kwa kuwa hapo ndipo vidole vyote hupima mahali pao. Sisi tulijifunza kwa taipureta, mikono ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, na wiki za mwanzo tulikuwa wazito kuliko tulivyokuwa tukichapa kwa vidole viwili. Utapitia hayo, tafadhali usirudi nyuma.

Mwana wa Rau
Naunga mkono, ila naongeza kwamba uangalie makosa kabla ya mwendo. Tena michezo mingi hutumia maneno ya Kiingereza, ilhali wewe unachapa barua za Kiswahili, ambamo herufi A hurudi kila mara na kukielemea kidole kidogo cha kushoto. Mchezo ukiruhusu, weka maneno yako mwenyewe: mpangaji, ng'ombe, kiwanja, hawatashirikiana. Usivunjike moyo kwa hesabu ya maneno kwa dakika, kwani kwa kawaida kila herufi tano huhesabiwa neno moja, hivyo hilo la mwisho, lenye herufi 16, ni zaidi ya matatu.

Mwalimu wa Pasua
Kuhusu muda, watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walifuatilia watu 96 waliojizoeza jambo moja dogo kila siku. Kwa makadirio yao, mazoea yalikomaa kwa wastani wa siku 66, ila wengine walihitaji 18 na wengine 254. Siku nne ni chache mno kujihukumu.

Karani wa Kiusa
Nashukuruni sana. Kesho naanza na dakika tano. Je, umeme ukikatika asubuhi, nifidie jioni?

Mhazili Mstaafu
Hapana, usifidie. Watafiti hao hao waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Keshokutwa ni dakika tano zilezile, mara tu kompyuta ikiwaka.