Ushauri: hofu ya akili mnemba inaninyima usingizi

Karani_Tandahimba: Wakuu, habari za msimu. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba, napima korosho na kuandika stakabadhi. Tangu vijana waanze kusema akili mnemba itafanya hesabu zote, silali. Saa nane usiku naiuliza mashine hiyohiyo kama itaninyang'anya kazi. Inanibembeleza, nasinzia, kesho narudia. Mama anasema nimekuwa kama marehemu mzee kilipofungwa kiwanda cha kubangua korosho: kila asubuhi alivaa ovaroli akakaa barazani mpaka saa sita. Nifanyeje?

Gunia_Zima: Jifunze kompyuta, mkuu. Mashine haimjui mkulima anayechanganya mawe kwenye gunia, wewe unamjua kwa sura 😂

Mnasihi_Kusini: Pole sana ndugu yangu. Ovaroli umeitaja kwa kupita tu, mimi nimeng'ang'ania hapo. Ukarani kweli unaweza kubadilika, wala sikwambii unaota. Ila karani mwenye hofu ya kazi tu angejiandikisha kozi. Wewe unaamka usiku kutafuta wa kukutuliza. Tiba ya saikodainamiki, tiba ya mazungumzo yenye asili kwa Sigmund Freud, daktari wa Vienna, huuliza hofu ya leo imebeba nini cha zamani ambacho nyumbani hakikusemwa.

Na hiyo mashine si mnasihi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyogeuza maneno ya mtu yakawa maswali. Katibu wake alijua fika ni programu, bado alimwomba Weizenbaum atoke chumbani aongee nayo faragha. Mtu humpa anayemsikiliza nafasi ya mzazi, hata awe mashine. Kwa mtaalamu hilo hutokea pia, lakini yeye huliona na kulizungumza nawe.

Gunia_Zima: Mnasihi, utoto haulipi ada ya watoto.

Mnasihi_Kusini: Haulipi. Asiyelala naye hukosea mizani.

Karani_Tandahimba: Duh. Mzee hakuwahi kutamka neno kuhusu kile kiwanda, nasi hatukuuliza. Vikao vingapi? Bima je?

Mnasihi_Kusini: Kwa kawaida dakika 50 mara moja kwa wiki, tiba fupi huwa vikao kama 16 hadi 24. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, waeleze kwanza hilo la usingizi. Wa tiba hii ni wachache, huenda ukapata wa Dar kwa simu. Bima uliza dirishani kabla hujaketi.