Kuzima na kutenga traki moja moja: Audacity, Reaper au Ardour?

MwalimuWaKwaya
Ndugu wanajukwaa, ninarekodi kwaya ya sauti nne, kila sauti katika traki yake (yaani mkondo wake wa kurekodia), pamoja na piano inayowaongoza waimbaji. Ninataka kila kundi lipate faili la mazoezi ambamo sauti yake inasikika waziwazi, nyingine zikisikika kwa mbali, na piano isikatike. Hadi sasa ninatumia Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Naomba mnilinganishie na programu nyingine za aina hiyo, Reaper na Ardour, katika jambo hili peke yake: kuamua traki ipi isikike na ipi inyamaze.

FundiSauti
Mwalimu, katika Audacity toleo la 3 kila traki ina vitufe vya Mute (kuizima) na Solo (kuitenga isikike peke yake), na traki uliyoizima haiingii katika faili unapotoa miksi, yaani mchanganyiko wa traki zote, kwa hiyo unachokisikia ndicho watakachokipata waimbaji. Katika mapendeleo unaweza pia kuchagua Solo itenge traki moja tu au kadhaa kwa pamoja. Shida ni kwamba Solo hunyamazisha kabisa kila kisichotengwa, piano ikiwemo, na hakuna namna ya kuikinga. Itakubidi uitenge piano pamoja na sauti unayoitaka. Na hilo la "kusikika kwa mbali" utalipata kwa kushusha sauti ya kila traki kwa mkono tu. Kwa nyimbo chache kazi hiyo inavumilika.

Kinanda_Tanga
Naona Reaper ndiyo inayokufaa. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Solo ya piano, uchague "Solo defeat": tangu hapo, hata ukitenga sauti yoyote, piano itaendelea kulia. Kuna pia "Solo in front", ambayo badala ya kuzizima traki nyingine huzififisha kwa kiasi ulichokiweka, na kwa mwalimu anayesikiliza kosa la besi bila kupoteza wimbo mzima hili ni jambo kubwa sana. Hata hivyo nakusihi uitumie kwa kusikiliza tu. Faili la waimbaji litengeneze kwa kushusha zile sauti tatu, tuseme kwa desibeli 12, maana kiasi hicho utakiona kwenye miksi na utaweza kukirudia kesho. Majaribio ni siku 60. Baada ya hapo leseni ya bei nafuu, kwa mfano kwa matumizi binafsi, ni dola 60.

ShabikiWaLinux
Nakubaliana na Kinanda_Tanga kuhusu piano, ila Ardour nayo inayo kinga hiyo, nayo huitwa "Solo Isolate". Inachozidisha ni sehemu ya usikilizaji inayojitegemea: ukiiwasha, unaweza kuitenga traki ikapita humo peke yake, ama kabla ya feda (kidhibiti cha kiwango cha sauti) ama baada yake, huku miksi kuu ikibaki kama ilivyo. Anayerekodi waimbaji waliovaa vipokea sauti ataona faida yake mara moja, kwa sababu fundi anaikagua sauti ya tatu bila waimbaji kukatiwa wanachokisikia. Kwenye Linux Ardour hupatikana katika hazina za programu za mifumo mingi. Kwa Windows na macOS, programu iliyo tayari hulipiwa.

FundiSauti
Niongeze jambo moja kwa wenye kompyuta dhaifu. Kuzima traki hakumaanishi kwamba plagini zake (programu ndogo za kubadili sauti) zimepumzika. Katika Reaper kuna chaguo la kutochakata traki zilizozimwa, na linafaa kukaguliwa kabla ya kulaumu kompyuta.

MwalimuWaKwaya
Nawashukuru. Siwarekodi wote kwa pamoja, kwa hiyo faida ya Ardour sitaifikia kwa sasa; nitaanza na Reaper. Je, nikiweka rivabu (athari ya mwangwi) moja kwa sauti zote katika traki yake, itanyamaza nitakapotenga sauti moja?

Kinanda_Tanga
Haitanyamaza, mradi Solo iwe ya "in place", kwani hiyo hufuata njia ya sauti hadi kwenye rivabu. Ukichagua inayopuuza njia hizo, utasikia sauti kavu.