Anwani za kerneli hazioani na System.map

Muulizaji, Wete: Assalam alaikum. Seva ya Linux ikianguka, anwani zilizomo kwenye vmcore (dampo, yaani nakala ya memori wakati wa kuanguka) hazilingani na System.map (orodha ya majina ya kerneli na anwani zake). Ninakili nini mapema?

Jibu, Mkunazini: Waalaikum salaam, sheikh. Hiyo ni KASLR, kinga ya usalama: kila seva ikiwaka, kerneli (kiini cha mfumo) huhamishwa kwenye memori. Kwa x86 imewashwa yenyewe tangu toleo 4.12. Kiasi cha mhamo kimo ndani ya vmcore:

`strings vmcore | grep -m1 KERNELOFFSET`

Namba hiyo ni heksadesimali japo haina 0x mbele. Itoe kwenye anwani ya vmcore: ffffffffa0123456 toa 1f000000 ni ffffffff81123456, hiyo ndiyo uitafute kwenye System.map. Anwani za moduli (vipande vinavyopakiwa baadaye kwenye kerneli) hazimo humo, usijichoshe. Ndani ya crash (programu ya kuchambua vmcore) tumia `mod -S`. Crash huusoma mhamo yenyewe; ikishindwa, ipe `--kaslr=0x1f000000`.

Cha kuhifadhi hasa ni vmlinux (faili la kerneli lisilobanwa) yenye taarifa za debagi, ya ujenzi (build) uleule. Toleo likifanana na ujenzi ukatofautiana, utapewa majina ya uongo.

Jibu, Chake Chake: Ongeza hili: /proc/kallsyms (majina na anwani za kerneli inayoendesha sasa) na /proc/iomem (ramani ya memori) zisome kama root, la sivyo utanakili sifuri tupu. Kwenye iomem tafuta mstari "Crash kernel", memori iliyotengwa kwa kuandika dampo. Haupo? Weka crashkernel=256M kwenye grub, uwashe upya.

Na msichanganye kuanguka kwa kerneli na kukatika umeme: umeme ukikatika, seva huzimika bila kuacha vmcore yoyote. Ukikatika dampo linaandikwa, aghalabu hubaki vmcore-incomplete. UPS hapo si anasa.